Unga, Mgando na Moto: Vitenzi vya Kiswahili katika Utayarishaji wa Kauri za Taka za Nyuklia



Mwanaisimu aliyezoea kushughulika na viambishi na ngeli ana lipi la kusema kuhusu unga wa kauri unaotayarishwa kwa ajili ya taka za nyuklia? Swali hilo ni la haki, nami sina budi kulijibu kabla sijaingia katika kiini cha mhadhara huu.

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa mwaka 1967, na hata kabla ya hapo, tumekuwa tukidai katika kumbi kama hii kwamba Kiswahili kinaimudu sayansi. Dai hilo ninaliafiki. Hata hivyo, ushahidi tunaouleta kila mara ni orodha za istilahi, na orodha hizo, zikichunguzwa kwa makini, ni orodha za nomino. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na TUKI mwaka 1990, ni kazi inayostahili shukrani za kizazi chetu. Lakini, kama zilivyo kamusi nyingine za aina yake, uzito wake umo katika majina ya vitu na dhana. Mwanasayansi naye hatumii muda wake mwingi kutaja vitu. Hulinganisha njia hii na ile, kisha hueleza kwa nini moja imefaa pale ambapo nyingine imeshindwa. Mzigo wa ulinganishi huo hubebwa na vitenzi. Hoja yangu leo ni kwamba vitenzi tunavyovihitaji tunavyo, na kwamba mnyambuliko wa kitenzi cha Kiswahili hubainisha tofauti ambazo wahandisi wenyewe huzieleza kwa sentensi nzima. Tumevipuuza kwa sababu vimo jikoni na kwa wafinyanzi, mahali ambapo kamati za istilahi hazina desturi ya kwenda.

Ili hoja hiyo nisiipe mteremko, nimechagua mada ambayo hakuna atakayesema kwamba imebuniwa kwa ajili ya Kiswahili. Wala haiko mbali nasi kama inavyodhaniwa. Urani iliyotumika katika mabomu ya kwanza ya atomiki miaka ya 1940 ilitoka kwa sehemu kubwa Shinkolobwe, katika Katanga, nchi ya wasemaji wa Kiswahili. Urani ipo katika eneo la Mto Mkuju, wilayani Namtumbo. Na mwaka 2024 wakazi wa Uyombo, katika kaunti ya Kilifi, walijitokeza hadharani kupinga pendekezo la kujenga kinu cha nyuklia kwao. Niseme mapema kwamba taka za mgodi wa urani na taka nitakazozizungumzia hapa ni vitu viwili tofauti, na anayevichanganya huwapotosha wanakijiji, awe anaunga mkono mradi au anaupinga. Lakini mtu akiulizwa maoni yake kuhusu jambo kama hilo, ana haki ya kulielezwa kwa lugha anayofikiria kwayo.

Taka na jiwe

Mafuta ya kinu cha nyuklia yakiisha kutumika huwa na mchanganyiko wa elementi nyingi zinazotoa mionzi. Katika nchi zinazoyachakata upya, mafuta hayo huyeyushwa katika asidi ya naitriki, urani na plutoniamu zikatolewa, na kinachobaki ni kioevu chenye mionzi mikali mno. Ndani yake mna siziamu na strontiamu, ambazo nusu ya atomi zake huisha kila baada ya miaka 30 hivi. Mna pia masalia ya elementi nzito za jamii ya plutoniamu, ambazo baadhi yake zinahitaji maelfu ya miaka ili nusu yake iishe. Plutoniamu 239 yenyewe huhitaji miaka 24,100. Kioevu hakifai kukaa katika matangi kwa muda huo. Sharti kiwe yabisi, na yabisi hiyo isikubali kulainishwa na maji ya ardhini.

Njia iliyoenea ni kukiyeyusha pamoja na kioo cha boroni na silika, kama wafanyavyo Wafaransa tangu kiwanda cha Marcoule kilipoanza mwaka 1978. Mwaka huohuo wa 1978, Ted Ringwood, mwanajiokemia wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia mjini Canberra ambaye umaarufu wake ulitokana na kuchunguza miamba ya ndani kabisa ya dunia, alitoa pendekezo jingine. Aliuliza: je, maumbile yenyewe huzihifadhi wapi elementi hizi? Alijibu kwamba huzihifadhi katika madini fulani ya titaniamu. Fuwele za mojawapo ya madini hayo, zirkonolaiti, zimeokotwa Sri Lanka zikiwa na umri wa takriban miaka milioni 550. Mionzi ya urani na thoriamu iliyomo ndani yake imevuruga mpangilio wa atomi zake, na bado elementi hizo hazijaponyoka. Ringwood akapendekeza litengenezwe jiwe la bandia lenye madini ya namna hiyo, akaliita Synroc.

Jiwe hilo lina madini makuu matatu, na kila moja lina mgeni wake. Holandaiti hupokea siziamu. Perovskaiti hupokea strontiamu. Zirkonolaiti, ikisaidiwa na perovskaiti, hupokea urani na elementi nzito zilizo jirani nayo. Unga wa kutengenezea jiwe hili, kabla ya kutiwa taka, ni oksidi tupu: kwa uzani, takriban asilimia 71 ni ya titaniamu, 11 ya kalsiamu, karibu 7 ya zirkoniamu, na iliyobaki ni ya bariamu na alumini. Taka zinaweza kufikia asilimia 20 ya jiwe lililokamilika.

Hapa ndipo kitenzi cha kwanza kinapotakiwa. Maandishi machache ya Kiswahili yanayogusia jambo hili husema kwamba taka “hufungiwa” ndani ya jiwe. Kufungiwa ni kuwekwa ndani ya kitu kingine, kama mfungwa katika chumba: ukuta ukipasuka, aliyemo hutoka. Sivyo ilivyo katika kauri hii. Atomi ya strontiamu hushika nafasi ambayo ingeshikwa na kalsiamu katika fuwele. Imekuwa sehemu ya ukuta. Kiswahili kina kufungamana, chenye mzizi uleule wa fung-, kiambishi -am- kinachoonyesha hali ya kukaa katika mkao fulani, na -an- kinachoonyesha kutendeana. Jiwe likipasuka vipande viwili, mfungwa angetoroka, lakini kilichofungamana kitabaki kimefungamana katika kila kipande. Tofauti ya viambishi viwili ndiyo tofauti ya sera nzima, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa isimu anaweza kuieleza.

Neno kauri

Niruhusuni nichepuke kidogo. Kauri ni neno la simbi, yule kombe mdogo mweupe aliyewahi kuwa fedha katika pwani yetu na bara. Kwa ule weupe na mng’ao wake, jina likahamia kwenye vyombo vya Kichina: sahani za kauri, vikombe vya kauri. Vyombo hivyo vipo hadi leo, au vigae vyake vipo, katika nguzo za makaburi ya Kunduchi na Mambrui, na katika magofu ya Kilwa na Gedi, ambako wanaakiolojia huvitumia kukadiria umri wa majumba. Miti ya dari imeoza, nguo zimeoza, chuma kimeliwa na kutu. Kigae kimebaki na rangi yake. Mimi hulipendelea kauri kuliko utohozi “seramiki” kwa sababu msemaji wa Kiswahili anayelisikia tayari anajua, bila kufundishwa, kwamba linataja kitu kilichopita motoni na kisichoogopa maji. Miaka mia sita ya Kilwa si kitu mbele ya umri wa plutoniamu, na kigae cha Kilwa hakisemi lolote kuhusu mionzi; lakini neno limeanza mahali panapofaa.

Kwa nini unga

Jiwe la Ringwood haliyeyushwi likamiminwa kama kioo. Huundwa kwa njia ya mfinyanzi: unga hutayarishwa, taka hutiwa, vyote hukaushwa, huchomwa kwanza kwa joto la wastani, kisha hugandamizwa katika joto kali hadi chembe zishikamane. Angalieni kitenzi hiki cha mwisho: shik-am-an-a. Chembe haziyeyuki zikawa kioevu. Kila moja hubaki yabisi, ila mipaka yake hukutana na ya jirani, na nafasi zilizokuwa kati yao huzibika. Wahandisi wana istilahi maalumu ya hatua hiyo, na nimewahi kuona pendekezo la kuitohoa. Sioni haja. Kushikamana kwa moto kunasema kila kitu, na kunatuzuia tusikuchanganye na kuyeyuka, kosa ambalo hufanywa hata na magazeti ya lugha nyingine. Kitu ambacho hakijafikia hatua hiyo tayari tuna jina lake, kwa kuwa kila fundi wa matofali hutofautisha matofali mabichi na ya kuchoma. Mafundi wa kauri wa Ulaya nao hukiita kitu kilichofinyangwa na kisichochomwa kwa neno la rangi ya jani bichi. Hatukuigana, tuliona jambo moja.

Kwa kuwa hakuna kuyeyuka, hakuna kioevu cha kuzichanganya elementi baadaye. Kama titaniamu na zirkoniamu hazikukaribiana katika unga, itabidi atomi zake zitembee ndani ya yabisi ili zikutane, na mwendo wa atomi ndani ya yabisi ni wa polepole mno. Muda unaohitajika hukua kwa mraba wa umbali. Chembe ya mikromita 10, yaani sehemu ya mia moja ya milimita, ikilinganishwa na ya mikromita 0.1, ina umbali mara 100 zaidi, na kwa hiyo inadai muda mara 10,000 zaidi katika joto lilelile. Mtu anaweza kuongeza joto ili kuharakisha, lakini siziamu huigeuka njia hiyo: joto likizidi, yenyewe hupaa kama mvuke kabla haijapata makao. Hivyo basi ubora wa jiwe, kwa kiasi kikubwa, huwa umeamuliwa kabla tanuri haijawashwa.

Kusaga

Njia ya kwanza ni ya kale na ndiyo nyepesi kueleweka. Oksidi za titaniamu, zirkoniamu na alumini, pamoja na kaboneti za kalsiamu na bariamu, hununuliwa kutoka katika viwanda vinavyouza bidhaa hizo kwa watengenezaji wa rangi za kuta na wa vyombo. Hutiwa katika pipa lenye maji na mipira migumu, pipa likazungushwa kwa saa nyingi. Tope linalopatikana hukaushwa.

Kiswahili ni tajiri hapa kupita kiasi. Tunatofautisha kuponda, ambako vipande vikubwa huvunjwa. Kutwanga, ambako pigo hutoka juu. Na kusaga, ambako kitu hupondeka kati ya nyuso mbili zinazosuguana. Kinu cha mipira hutwanga na kusaga kwa pamoja, na uwiano wa hayo mawili hutegemea kasi ya mzunguko: kikienda polepole mipira huteleza na kusaga, kikiongezwa kasi mipira hupanda na kuanguka, ikatwanga. Mhandisi hueleza jambo hilo kwa michoro. Bibi yeyote aliyewahi kushika mchi na jiwe la kusagia angelielewa kwa maneno mawili.

Fadhila ya njia hii ni bei na ukawaida wa malighafi. Dosari yake ni kwamba kusaga huchanganya lakini hakuchangamanishi. Naomba tofauti hiyo izingatiwe, maana nitaitumia tena. Nikichanganya mchele na kunde, kila punje hubaki ilivyokuwa, hata nikikoroga hadi jioni. Vivyo hivyo chembe ya titania iliyosagwa, hata ikiwa ndogo kiasi gani, ndani yake ni titania tupu yenye mamilioni ya atomi. Ikiwa chembe chache zimebaki kubwa, baada ya kuchomwa utakuta katika jiwe visiwa ambavyo havikushiriki. Aidha, mipira yenyewe hulika, na mlo huo huingia katika unga. Kadiri unavyosaga zaidi ili kupata wembamba, ndivyo uchafu huo unavyoongezeka.

Kuchangamana

Njia ya pili ilikuzwa Australia, katika kituo cha utafiti wa nyuklia cha Lucas Heights karibu na Sydney, ambako kiwanda cha majaribio kisichotumia mionzi kilifunguliwa mwaka 1987. Haianzi na yabisi. Huanza na vimiminika ambamo kila atomi ya titaniamu, zirkoniamu au alumini imeshikwa na mabaki ya alkoholi. Wanakemia huviita alkoksidi, na neno hilo tulikope lilivyo, bila haya. Vimiminika hivyo hutiwa pamoja katika alkoholi, kisha maji ya moto yenye kalsiamu na bariamu humiminwa huku mchanganyiko ukikorogwa kwa nguvu. Maji huzivunja alkoksidi mara moja. Alkoholi huachiliwa, na elementi zote huanguka pamoja zikiwa mashapo laini sana. Alkoholi huvukizwa ikakusanywa.

Hapa elementi zimechangamana. Kitenzi hiki kina -am- na -an- vilevile, na katika matumizi ya kawaida husemwa juu ya watu wa asili mbalimbali walioishi pamoja hadi huwezi tena kuonyesha nani alikuja lini. Katika mashapo haya, kila titaniamu ina kalsiamu au zirkoniamu karibu nayo. Umbali wa kutembea umekaribia kwisha. Unga huo una vinyweleo vingi, na hivyo husharabu kioevu cha taka kama ugali unavyosharabu mchuzi, jambo ambalo unga wa kusagwa hauliwezi kwa kiwango hicho. Baada ya hapo huchomwa kwa nyuzi 750 hivi za Selsiasi katika gesi yenye hidrojeni kidogo, huongezewa asilimia 2 ya titaniamu ambayo ni metali, na hugandamizwa kwa nyuzi 1,150 hadi 1,200. Hidrojeni na ile metali hunyang’anya oksijeni, na kwa kufanya hivyo huzuia baadhi ya elementi zisipae.

Gharama ni jambo la kwanza linalotajwa dhidi ya njia hii, kwa kuwa alkoksidi ni ghali kuliko oksidi ya kawaida. La pili ni alkoholi yenyewe, ambayo huwaka. Hakuna msimamizi anayetaka kimiminika kinachowaka karibu na mionzi. Jibu la Waaustralia lilikuwa la busara: unga hutayarishwa mbali, kabla haujakutana na taka, nje ya zile kuta nene, ambako mtu anaweza kusimama na kuutazama. Tope lisilo na alkoholi ndilo linalopelekwa ndani.

Maabara ya Sandia, huko Marekani, nayo ilibuni njia ya kikemia inayopitia titaneti ya sodiamu, ambamo sodiamu hupisha elementi zinazotakiwa. Sitakaa nayo, ila nitasema kwamba kitenzi kupisha kinaieleza vizuri kuliko “kubadilishana ioni” tulikokuzoea vitabuni: mmoja huondoka ili mwingine akae.

Kugandisha

Njia ya tatu huanza na chembe ndogo mno zinazoelea katika maji bila kutuama, mfano wa maziwa. Ukibadilisha ukali wa asidi, au ukiondoa sehemu ya maji, chembe hizo hushikana na kujenga wavu unaokamata maji yote yaliyobaki. Hakuna kinachotuama chini. Chombo kizima hukaza. Kila mtu katika ukumbi huu amekwisha kuliona tukio hili. Ni maziwa yanapokuwa mgando. Istilahi ya kutohoa, jeli, nayo ipo, na kwa wasikilizaji wengi huleta picha ya mafuta ya kupaka; ndiyo maana ninalipendelea neno mgando, ambalo hubeba mchakato mzima ndani yake: kuganda, kugandisha, mgando.

Mchanganyo huo ukinyunyizwa katika hewa ya moto au katika kimiminika kisichoelewana na maji, matone hukauka yakiwa viduara. Kinachopatikana hakifanani na unga wa sembe. Kinafanana na chenga. Na hapa Kiswahili kinatupa ngazi ambayo nimeitafuta katika lugha nyingine bila kuipata kwa ukamilifu huu. Unga ni kitu kilichotakiwa kuwa chembamba. Vumbi ni kitu chembamba kisichotakiwa, kinachopeperuka na kutua kusikotarajiwa. Chenga ni punje ndogo zisizofikia wembamba wa unga, zinazomwagika bila kupeperuka. Kwa mpishi, chenga ni kasoro. Kwa mtu anayehamisha taka zenye mionzi kwa mikono ya mashine nyuma ya ukuta wa zege, chenga ni baraka, kwa sababu kila kinachopeperuka ndani ya chumba kile hukichafua kwa miaka. Unga uleule, kwa uzani uleule, ukimwagika vibaya umekuwa vumbi, na vumbi lenye plutoniamu likivutwa pumzi ni hatari kubwa kuliko kipande cha jiwe mkononi.

Basi mgando hutoa mchangamano unaokaribia ule wa alkoksidi, nao hupunguza vumbi kuliko njia zote mbili. Hutoza bei yake kwa namna nyingine: hudai uangalifu wa saa kwa saa, maji mengi ya kuondoa, na fundi ambaye hatasinzia asidi inaporekebishwa.

Ipi bora?

Mwanafunzi atauliza ipi kati ya hizi imeshinda. Swali lina mtego, kwani jibu limebadilika kila mahali palipobadilika kitu kinachosagwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Marekani ilipokuwa ikiamua umbo la taka za Savannah River, Synroc ilikuwa miongoni mwa walioshindania nafasi hiyo. Mwaka 1982 kioo kilichaguliwa. Hakuna aliyesema kwamba kauri huyeyuka upesi majini kuliko kioo. Ushahidi wa maabara ulielekea upande wa pili. Kilichopewa uzito ni urahisi wa kutengeneza: kioo huyeyushwa na kumiminwa, hali kauri inadai kukausha, kuchoma, kuhamisha unga na kugandamiza, vyote bila mtu kukaribia. Kwa maoni yangu, jiwe lilishindwa na unga wake.

Miaka ya 1990 hali iligeuka. Baada ya Vita Baridi palikuwa na plutoniamu ya ziada ambayo ilikuwa ikipatikana kama oksidi, yaani tayari ni unga. Mwaka 1997 Wizara ya Nishati ya Marekani iliamua kutumia kauri ya titaniamu, jamaa wa zirkonolaiti, badala ya kioo. Na njia iliyofaa ilikuwa ile ya kwanza, iliyodharauliwa: kusaga. Hakukuwa na kioevu cha kusharabiwa, hivyo vile vinyweleo vya unga wa alkoksidi havikuwa na kazi. Ilikuwa lazima oksidi ya plutoniamu isagwe pamoja na nyingine ndani ya makasha yaliyofungwa, hadi chembe zake ziwe ndogo vya kutosha kushiriki. Mradi huo ulifutwa mwaka 2002, kwa sababu za bajeti na sera wala si kwa kasoro ya jiwe.

Huko Lucas Heights, wanaotengeneza dawa za mionzi kwa ajili ya hospitali wamebaki na kioevu cha taka kinachotokana na kazi hiyo, na kituo hicho kimekuwa kikijenga kiwanda cha kukigeuza kuwa Synroc. Viungio huchanganywa na kioevu, hukaushwa, hutiwa katika makopo ya chuma, makopo huzibwa, kisha hugandamizwa kwa gesi ya moto kutoka pande zote. Kopo lililojazwa unga mwepesi uliotuna hunyauka kwa upande likikamuliwa. Lililojazwa chenga nzito husinyaa sawasawa. Kwa hiyo swali limehama tena. Miaka ya 1980 aliyeulizwa sifa ya unga bora angejibu “uliochangamana”. Mbele ya kopo lililozibwa angeongeza “unaoshindilika”. Kushindilia tunakujua kutokana na magunia na bunduki za gobori. Kiambishi -ik- ndicho kinachogeuza tendo la fundi kuwa sifa ya unga.

Pingamizi moja

Wenzangu kadhaa wameniambia kwamba maneno ya jikoni huleta harufu ya jikoni. Mgando utaleta maziwa, na unga, katika mitaa ya miji yetu, una maana ambayo polisi wanaijua vizuri kuliko wanakemia. Pingamizi hilo lina uzito. Lakini kazi na kani ni maneno ya kawaida yaliyoingia katika fizikia yetu, na hakuna mwanafunzi anayedhani kwamba kitabu cha fizikia kinapotaja kazi kinazungumzia ajira. Muktadha hulisafisha neno kadiri linavyotumiwa. Ninachokiogopa zaidi ni neno la kawaida linaloficha jambo, na mfano nilio nao ni kuhifadhi.

Nimelitumia katika mhadhara huu nanyi mkalikubali. Katika nyaraka zetu, kuhifadhi taka za nyuklia husemwa juu ya kuziweka katika jengo kwa miaka 40 zikisubiri uamuzi, na pia juu ya kuzishusha chini ya mwamba zisirudi tena. Hayo ni matendo mawili, na gharama zake, sheria zake na warithi wake ni tofauti. Kauri hii yote, tangu kinu cha mipira hadi kopo lililosinyaa, imebuniwa kwa ajili ya tendo la pili. Kwa la kwanza ningependekeza kutunza, kwa kuwa kinachotunzwa kina mtu anayekiangalia. Kwa la pili, wengine wamependekeza kufukia; lakini kufukia kuna ndugu yake, kufukua, kwa mzizi uleule, na kila anayelisikia la kwanza hulisikia la pili nyuma yake. Kuzika kuna uzito unaostahili, ila kuna watakaosema kwamba neno hilo tumeliwekea binadamu. Hilo ningependa kulisikia kutoka kwenu, hasa mliotoka Ruvuma na Kilifi, katika muda wa maswali ambao Mwenyekiti ametutengea.